Kinundu cha milimita 9 kwenye pafu la baba: je, kusubiri miezi 3 ni salama?

Mtoto wa Mtoni

Habari zenu ndugu, na wakubwa wangu shikamooni. Ninaomba ushauri kuhusu baba yangu mwenye umri wa miaka 64, ambaye tunaishi naye Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke. Mwezi uliopita bajaji aliyopanda iligongwa kwenye Barabara ya Kilwa, akaumia mbavu za kulia. Alipigwa eksirei, kisha daktari akaagiza picha ya CT ya kifua, yaani ile ya mashine inayopiga mwili kwa eksirei kipande kwa kipande, ili kuhakikisha kwamba damu haijavujia ndani. Mbavu mbili zilikuwa na ufa na sasa zinaunga vizuri. Lakini kwenye karatasi ya majibu, katika mstari wa mwisho ambao nisingeusoma kama mdogo wangu asingeninyooshea kidole, paliandikwa kwamba sehemu ya juu ya pafu la kulia ina kinundu kigumu chenye upana wa milimita 9, kisicho na chokaa ndani yake, na kwamba kipimo kirudiwe baada ya miezi 3.

Mzee hakohoi, hajapungua uzito, na kila Ijumaa anatembea kwa miguu kwenda msikitini na kurudi. Hata hivyo, tangu ujana wake alipokuwa akipakua mizigo bandarini alivuta sigara pakiti moja kwa siku, kwa muda wa miaka kama 30, akaacha mwaka 2012 alipougua kifua kikuu. Alitibiwa miezi 6, akapona. Amepimwa virusi vya UKIMWI na hana.

Tangu majibu hayo yatoke, nyumba haina utulivu. Baba mkubwa ameanza kuchangisha fedha katika ukoo ili mzee apelekwe India mara moja. Shangazi anasema ni kifua kikuu kilichorudi, na kwamba aanzishiwe dawa bila kupoteza muda. Mama anaamini ni kovu la zamani na hataki jambo hili litajwe mbele ya mzee. Daktari aliyempima, kwa upande wake, anasema tusubiri hiyo miezi 3. Mimi ndiye ninayepaswa kuamua, na swali langu ni hili: ikiwa kweli ni saratani, je, miezi 3 si muda tunaoipa ikue na kusambaa? Kwa nini kisitolewe sasa kikiwa kidogo?

Msoma Picha

Pole sana, ndugu yangu, na umpe pole mzee kwa ajali. Mimi ni daktari wa radiolojia hapa Dar es Salaam. Sijaiona picha ya baba yako, kwa hiyo maneno yangu hayawezi kuchukua nafasi ya daktari aliyeiona, lakini ninaweza kukueleza sababu ya ushauri aliokupa, kwa kuwa naona hakupata nafasi ya kuufafanua.

Tunaita kinundu doa lolote la mviringo ndani ya pafu lisilozidi milimita 30. Likizidi hapo tunaliita uvimbe, na wasiwasi wetu huwa mkubwa zaidi. Vinundu vingi vidogo si saratani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011, uliowahusu watu 53,454 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara au walioacha, ulionyesha kwamba katika kila picha 100 za CT zilizotiliwa shaka, zaidi ya 96 hazikuwa na saratani. Na hao walikuwa watu wa nchi ambayo kifua kikuu ni adimu. Kwetu sisi, ambako ugonjwa huo umepita katika nyumba nyingi, makovu na vinundu vigumu vinavyobaki baada ya matibabu huonekana kwenye picha karibu kila siku ya kazi.

Sisemi hivyo ili ulale usingizi. Baba yako ana mambo matatu yanayoongeza uzito upande wa saratani: kinundu kimezidi milimita 8, kipo sehemu ya juu ya pafu, na amevuta sigara kwa miaka 30. Kukosekana kwa chokaa nako kunatunyima faraja ambayo tungeipata, kwa sababu kinundu kilichojaa chokaa chote, au chenye chokaa katikati tu, kwa kawaida ni kovu la ugonjwa wa zamani. Jambo ambalo karatasi yako haikulisema, na ambalo unapaswa kuliuliza, ni hali ya kingo zake: ni laini kama za punje ya kunde, au zina miale inayochomoza pande zote? Miale hutuogopesha.

Sasa kuhusu miezi 3. Mwongozo unaotumika zaidi duniani kwa vinundu vinavyogunduliwa kwa bahati, yaani wa Jumuiya ya Fleischner ya wataalamu wa picha za kifua, uliorekebishwa mwaka 2017, unatoa njia tatu kwa kinundu kigumu kilichozidi milimita 8: kurudia CT baada ya miezi 3, au kupiga picha ya PET, inayoonyesha sehemu zinazotumia sukari kwa wingi, au kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kinundu ili kipimwe. Daktari wako amechagua mojawapo ya njia hizo tatu, kwa hiyo hajampuuza mzee. Kusubiri huko ni kipimo chenyewe, kwa kuwa tabia ya ukuaji ndiyo inayotofautisha kovu na saratani. Kovu hukaa vilevile. Maambukizi huongezeka au kupungua ndani ya wiki chache. Saratani ya pafu yenye umbo la kinundu kigumu kwa kawaida huongeza ujazo wake mara mbili kwa muda wa siku 100 hadi 400 hivi. Na hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa ujazo na upana havikui kwa mwendo mmoja: kinundu cha milimita 8 kikifika milimita 10, jicho litaona tofauti ndogo sana, ilhali ujazo wake umekaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana hatupimi kila wiki. Tofauti isiyofika milimita 2 inaweza kuwa kosa la upimaji tu, na ukirudia mapema mno utapata jibu lisilosema chochote.

Hata kama ni saratani, kwa mwendo huo kinundu cha milimita 9 baada ya miezi 3 hakitazidi milimita 11 hivi. Katika mfumo wa TNM wa kupanga hatua za saratani, kila kinundu kisichozidi milimita 30 kimo katika kundi la T1: hadi milimita 10 ni T1a, hadi 20 ni T1b, na hadi 30 ni T1c.

Kuna jambo moja ambalo ningelifanya leo hii kabla ya mengine yote, nalo ni kutafuta picha za zamani. Mtu aliyetibiwa kifua kikuu mwaka 2012 huenda alipigwa eksirei. Ikipatikana, nayo ikaonyesha doa hilo hilo mahali hapo hapo, hofu yenu itapungua sana, kwa sababu kinundu kigumu kisichobadilika kwa miaka 2 au zaidi ni nadra kuwa saratani. Siku ya kurudia CT ikifika, ombeni mashine ile ile ikiwezekana, vipande vyembamba visivyozidi milimita 1.5, mionzi ya kiwango cha chini, na bila dawa ya kuchomwa mshipani, kwa sababu haihitajiki kwa kazi hii. Bebeni CD ya picha ya kwanza. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi, kwani daktari hawezi kulinganisha maneno na picha.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, mimi nimefanya kazi katika kliniki za kifua kikuu kwa zaidi ya miaka 25, na ninaandika kwa ajili ya shangazi yako, ambaye najua anasema hayo kwa upendo. Mwombe asubiri. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, nami ninashukuru kwamba ziko hivyo, lakini ubure huo umefanya watu waone kwamba kujaribu hakuna gharama. Gharama ipo. Nimewaona wagonjwa walioanzishiwa dawa kwa sababu tu picha ilikuwa na doa, wakazimeza miezi 2 ya dawa nne na miezi 4 ya dawa mbili, na kila walipolalamika waliambiwa wamalize dozi kwanza. Baadhi yao walirudi wakiwa wanakohoa damu, na lile doa lilikuwa limekuwa uvimbe. Miezi 3 ambayo daktari wako ameiomba ina tarehe na ina kipimo mwishoni mwake. Miezi 6 ya dawa bila ushahidi haina kipimo kinachoeleweka, kwa sababu kinundu kikibaki vilevile, kila mtu atatafsiri anavyotaka.

Njia iliyo sahihi ni hii. Kama mzee ana kikohozi chochote, atoe makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutambua vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu na kutoa jibu ndani ya saa chache. Lakini fahamu kwamba kwa kinundu kidogo kilichojificha ndani ya nyama ya pafu, makohozi mara nyingi hayaonyeshi kitu, na kwa mtu aliyewahi kutibiwa kipimo hicho kinaweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Jibu lolote litakalotoka lisomwe na daktari anayejua historia yake.

Na ikiwa itafika siku ya kuchukua kinyama, kumbuka neno hili kwa sababu husahaulika: ombeni kinyama kigawanywe katika chupa mbili. Moja iwe na fomalini, iende patholojia kuangaliwa kama kuna saratani. Nyingine iwe na maji ya chumvi safi tu, iende maabara kupimwa na kuoteshwa kifua kikuu. Fomalini huua vijidudu, kwa hiyo kinyama chote kikitumbukizwa humo, hakuna maabara itakayoweza kuviotesha tena, na mgonjwa atalazimika kuchomwa sindano mara ya pili.

Mtoto wa Mtoni

Ninawashukuru kutoka moyoni. Shangazi nimemsomea maneno ya Muuguzi, akanyamaza, kisha akasema anataka naye awepo siku ya kipimo.

Eksirei ya mwaka 2012 imepatikana. Mama alikuwa ameihifadhi chini ya godoro ndani ya bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na wala hakushangaa nilipoiulizia. Niliipeleka kwa daktari wa picha, akaiweka kwenye taa karibu na picha mpya. Amesema kovu la kifua kikuu lilikuwa juu ya pafu la kushoto, na upande wa kulia, mahali ambapo kinundu kipo sasa, haoni kitu. Akaongeza kwamba eksirei inaweza kushindwa kuonyesha kinundu cha milimita 9, hasa kikijificha nyuma ya ubavu au mfupa wa bega, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba hakikuwepo. Kingo zake anasema si laini kabisa, ila hana uhakika na neno miale.

Hapo ndipo hofu yangu imerudi, na nina maswali mawili. La kwanza, Msoma Picha ameandika kwamba T1a inaishia milimita 10. Kama tunasubiri mpaka kifike 11, je, hatujavuka mstari tukiwa tumekaa tunatazama? La pili ni jambo linalosemwa na karibu kila mtu anayekuja kumjulia hali mzee, kwamba saratani ikiguswa na kisu au sindano ndipo inapoamka na kutapakaa. Baba amelisikia, na ameniambia waziwazi kwamba hatakubali kuchomwa.

Binti Kigamboni

Kaka yangu, maneno hayo ya saratani kuguswa ndiyo yaliyotaka kutupotezea mama, kwa hiyo naomba nikusimulie.

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara maisha yake yote. Alikaanga samaki kwa kuni kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2021 alionekana na kinundu cha milimita 14 kwenye pafu la kushoto. Majirani walituambia kuhusu fulani na fulani waliofanyiwa upasuaji wakafa ndani ya mwezi mmoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wengi wa watu hao walifunguliwa wakiwa tayari wamechelewa, na saratani ilikuwa imeshaenda kwenye ini na mifupa kabla ya kisu. Watu waliona kisu, kisha wakaona kifo, wakaunganisha viwili hivyo. Kilichokuwepo kabla ya kisu hawakukiona.

Sindano aliyochomwa mama ilipita kati ya mbavu akiwa amelala ndani ya mashine ya CT, kwa ganzi tu, na yeye akiwa macho. Hewa kidogo ilivuja nje ya pafu, akalazwa usiku mmoja kuangaliwa, ikanyonywa na mwili yenyewe. Majibu yakatoka kwamba hakuna saratani. Tulichinja mbuzi. Lakini daktari wake alitukalisha chini akatuambia kwamba sindano huchukua kipande chembamba sana kutoka kwenye kitu kidogo kinachosogea mgonjwa anapopumua, na kwamba jibu la kutokuona saratani lina uzito tu kama limeona kitu kingine, mfano kifua kikuu au fangasi. La mama lilisema ni nyama ya kawaida ya pafu, maana yake ni kwamba pengine sindano ilipita pembeni. Akaagiza CT nyingine baada ya miezi 3. Kinundu kilikuwa na milimita 17. Alifanyiwa upasuaji, na ilikuwa saratani aina ya adenokasinoma, ambayo ndiyo aina inayowapata zaidi watu wasiovuta sigara. Tezi zote za limfu zilizotolewa pamoja nayo zilikuwa safi, yaani saratani haikuwa imezifikia. Hakupewa dripu za saratani wala mionzi. Sasa anaendelea na picha za kila mwaka.

Siku ngumu zilikuwa zile za kwanza baada ya upasuaji, akiwa na mpira ubavuni wa kutolea hewa na damu. Walimpa puto apulize kila saa moja, naye alilia kwa maumivu, lakini wauguzi hawakumwachia, na leo namshukuru Mungu kwamba hawakumwachia.

Daktari wa Kifua

Nimesoma yote, na ninaona familia hii imepewa ushauri mzuri. Nitajibu maswali mawili yaliyobaki, kisha nieleze matibabu yenyewe, kwa kuwa mzee ana haki ya kujua njia anayoelekezwa inaishia wapi kabla hajakataa kuianza.

Swali la mstari wa milimita 10 ni la haki. Takwimu za kimataifa zilizotumika kuandaa toleo la nane la mfumo wa TNM zinaonyesha kwamba wagonjwa waliogunduliwa wakiwa na saratani isiyozidi milimita 10, bila kufika kwenye tezi, 92 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa waliokuwa kati ya milimita 10 na 20 walikuwa 83, na kwa waliofika hadi 30 walikuwa 77. Tofauti ipo, na sitaificha. Lakini matibabu ya pande zote mbili za mstari wa milimita 10 ni yale yale, na kwenye sahani ya pili ya mizani kuna hatari ya kufungua kifua na kukata pafu la mtu mwenye kovu lisilo na madhara. Hata katika hospitali zenye vifaa vyote wapo wanaofariki kwa upasuaji huo, na wapo wanaobaki na pumzi pungufu maisha yao yote. Kwa mwenye historia ya sigara na kingo zisizo laini, mimi binafsi nisingemlaumu daktari atakayependekeza sindano sasa, wala anayesubiri miezi 3. Nitamlaumu atakayeacha miezi 3 iwe 7 kwa sababu mashine iliharibika au fedha zilichelewa. Andikeni tarehe ukutani.

Picha ya PET, ambayo ndugu zenu huenda wamesikia ikisifiwa huko India, huonyesha sehemu zinazotumia sukari kwa wingi. Saratani hutumia sukari nyingi, na kifua kikuu kilicho hai hutumia vilevile, kwa hiyo kwa watu wa nchi yetu kinundu kinachowaka kwenye PET hakijathibitishwa kuwa saratani. Faida yake kubwa ni kuonyesha kama kuna kitu mahali pengine mwilini baada ya saratani kuthibitishwa.

Kuhusu sindano kuamsha saratani: chembe kubaki kwenye njia ya sindano ni jambo linalojulikana, lakini ni nadra sana, na halilingani hata kidogo na hatari ya kutojua. Madhara ya kawaida ni yale aliyoyasimulia Binti Kigamboni. Katika takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 15 hivi kati ya kila 100 waliochomwa sindano ya pafu walivuja hewa, na 6 au 7 kati ya hao 100 walihitaji kuwekewa mpira. Mwelezeni mzee hivyo hivyo, kwa tarakimu, bila kumficha. Watu wa rika lake walipima shehena kwa macho na mikono yao, na huheshimu anayewaambia uzito halisi wa mzigo.

Ikithibitika kuwa saratani, na picha za tumbo na kifua zikionyesha haijaondoka mahali ilipo, tiba yake kuu ni upasuaji. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu na la kushoto mbili. Tangu utafiti wa mwaka 1995 kanuni ilikuwa kuondoa sehemu kuu nzima yenye saratani, kwa kuwa waliokatwa kipande kidogo ugonjwa uliwarudia zaidi pale pale. Mambo yamebadilika karibuni. Utafiti wa Japani wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 1,106 wa saratani zisizozidi milimita 20, na ule wa Amerika Kaskazini na Australia wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 697, ulionyesha kwamba kwa saratani ndogo namna hiyo kuondoa kipande kidogo cha pafu hakupunguzi maisha ya mgonjwa, almradi pembezoni mwa kilichokatwa pawe safi na tezi zikaguliwe. Hii ni habari njema kwa mtu aliyevuta sigara miaka 30, ambaye hana pafu la kupoteza. Tezi zisiachwe bila kuchukuliwa, kwa sababu ndizo zinazosema kama ugonjwa umeanza safari. Zikiwa safi na saratani ikiwa ndogo hivi, dawa za kemikali hazihitajiki.

Kabla ya kisu, mzee atapuliza kwenye kipimo cha nguvu ya mapafu. Tutamwuliza pia swali la zamani lisilohitaji mashine: anaweza kupanda ghorofa mbili bila kusimama? Asipoweza kuhimili upasuaji, bado hajakosa tiba, kwa kuwa ipo mionzi inayolenga kinundu kutoka pembe nyingi kwa dozi kubwa katika siku chache. Kwa saratani ndogo isiyosambaa, mionzi hiyo huidhibiti vizuri kwa wagonjwa wengi. Hapa jijini, mazungumzo kuhusu mionzi huanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ni vyema kesi yake ijadiliwe na jopo la madaktari wa picha, upasuaji, patholojia na mionzi kwa pamoja. Michango ya ukoo isirudishwe, lakini isikatiwe tiketi kabla ya kujulikana ni ugonjwa gani.

Fundi wa Tandika

Samahani kwa kuingilia. Nina miaka 52 na ninavuta pakiti moja kwa siku tangu nikiwa na miaka 22. Sina dalili yoyote. Baada ya kusoma haya, je, na mimi nikapige CT?

Msoma Picha

Hujaingilia, ndugu. Mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2021 yanawahusu watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 au zaidi, ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15, nao hupimwa kwa CT ya mionzi midogo kila mwaka. Kwa vigezo hivyo umo. Katika utafiti ule wa watu 53,454, vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 miongoni mwa waliopimwa kwa CT wakilinganishwa na waliopimwa kwa eksirei. Lakini uingie ukijua kwamba hapa kwetu una nafasi kubwa ya kuonekana na doa la kifua kikuu na kuanza safari hii yote bila kuwa na saratani, na kwamba kipimo cha mara moja kisichorudiwa hakina maana kubwa. Acha sigara wiki hii, kisha uzungumze na daktari kuhusu picha.

Mtoto wa Mtoni

Nimerudi baada ya miezi 3 na siku 4. CT ilirudiwa kwenye mashine ile ile, vipande vyembamba kama mlivyonielekeza, na CD ya kwanza nilikuwa nayo mkononi. Kinundu kimefika milimita 11, na safari hii daktari ameandika neno miale bila kusita.

Baba alisoma mwenyewe maelezo ya Daktari wa Kifua. Aliuliza swali moja tu, kama hao 15 kati ya 100 walipona, nikamwambia wengi wao hewa hurudi yenyewe, akasema basi twende. Kabla ya sindano nilimwuliza muuguzi kuhusu chupa mbili. Akaenda kuongeza ya maji ya chumvi, kwa sababu palikuwa na ya fomalini peke yake. Hewa haikuvuja.

Majibu yametoka juzi. Chupa ya fomalini ina saratani, adenokasinoma. Ya pili haikuonyesha kifua kikuu kwa GeneXpert, na kuotesha bado kunaendelea maabara. Picha ya tumbo ni safi, na tezi za katikati ya kifua hazijavimba. Jopo limekaa na limependekeza upasuaji wa kuondoa kipande, litaamua ukubwa wake wakiwa ndani baada ya kuangalia tezi. Kipimo cha kupuliza amekifaulu, ingawa si kwa wingi. Mama sasa anajua kila kitu, na ndiye anayemsimamia kupanda ngazi za nyumba ya jirani asubuhi na jioni. Jana mzee alipanda ghorofa mbili akapumzika njiani mara moja tu. Upasuaji ni Alhamisi ya wiki ijayo, na tarehe tumeiandika ukutani.